Kamati Ikivunjwa, Ufunguo Anabaki Nao Nani?

Maswali ya wasomaji kuhusu miradi. Anajibu Mama Saiti, msimamizi mstaafu wa ujenzi, Tanga.

SWALI: Shikamoo Mama Saiti. Sisi ni kikundi cha wanawake 18 hapa Nachingwea. Tunanunua karanga kwa wakulima, tunakaanga, tunafunga vipakiti na kuuza. Nyingine tunasaga siagi ya karanga kwa mashine ya kukodi. Tuliomba fedha kwa mfadhili mmoja, andiko tukaliita "Mradi wa Kuinua Maisha ya Wanawake kwa Karanga". Limerudishwa na maneno matatu tu: "Mradi uko wapi?" Tumeudhika, maana kazi hii tunaifanya mwaka wa nne sasa. Kwani mradi ni kitu gani? (Katibu, Nachingwea)

JIBU: Marahaba, Katibu. Aliyewaandikia vile alikosa adabu ya kalamu, lakini swali lake ni la haki.

Kukaanga karanga na kuziuza ni biashara yenu, na Mungu aizidishe. Leo mnakaanga, kesho mnakaanga, mkijaliwa na wajukuu wenu watakaanga. Mradi ni kazi ya mara moja, yenye mwanzo na mwisho unaojulikana, inayoacha kitu ambacho jana hakikuwapo. Kununua mashine yenu wenyewe, kuijengea banda, kuvuta umeme, kuwafundisha wanachama kuiendesha: hapo ndipo mradi ulipo. Siku mashine inasaga, fundi ameshapanda basi kurudi kwao na mmoja wenu ana ufunguo wa banda, mradi umekwisha. Kinachofuata ni biashara ileile, ila sasa bila kodi ya mashine.

Wala hili si geni kwetu, maana nani hajakaa kwenye kamati ya harusi? Kuna tarehe isiyosogezwa. Kuna bajeti, kuna mweka hazina na daftari lake la ahadi, kuna anayeshika ukumbi na anayeshika chakula, na kikao kila Jumapili cha kuulizana nani hajatoa. Harusi ikipita, mahesabu yanasomwa na kamati inavunjwa, tena kwa sherehe. Harusi ni mradi. Ndoa si mradi, na wanaoiendesha kama mradi mnawajua.

Sasa turudi kwenye andiko. Kipande mlichonitumia kinasema lengo ni "kuinua kipato na ustawi wa wanawake". Ni dua njema, naitikia amina, lakini hakuna mtu anayeweza kusimama mbele yake akasema limetimia au bado. Jaribuni hivi: "Ifikapo tarehe 30 Aprili, kikundi kitakuwa na banda la matofali lenye sakafu ya saruji na umeme, ndani yake mashine moja ya kusaga karanga inayofanya kazi, wanachama wanne wanaojua kuiendesha na kuisafisha, na maombi ya alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) yakiwa yamewasilishwa." Mfadhili akija tarehe 1 Mei atahesabu kwa vidole. Tarehe yenyewe sikuiokota njiani. Mvua zenu zikiisha ndipo karanga mpya zinaanza kuingia, na mashine ikiwa tayari Agosti mtakuwa mmeshasagia kwa watu nusu ya msimu.

Chagueni mtu mmoja wa kuusimamia. Watu 18 hawawezi kuwa msimamizi. Si lazima awe mwenyekiti: mwenyekiti anaongoza kikundi, huyu anaongoza kazi ya mashine mpaka isage, basi. Awe anayejua kusema hapana kwa fundi.

Kwenye ukurasa wa mambo yanayoweza kuharibika, andikeni sumukuvu ya kwanza, kabla ya wizi. Karanga zisizokauka sawasawa huota ukungu wenye sumu, na hakuna mashine inayoitoa. Kwa hiyo maturubai ya kuanikia na stoo kavu viingie kwenye bajeti hata kama mfadhili hakuuliza. La pili ni umeme. Mashine nyingi za kusaga zinataka fezi tatu, na laini nyingi za vijijini zina fezi moja. Ulizeni hilo kabla ya kulipia chochote, la sivyo mtakuwa na pambo la chuma ndani ya banda zuri.

Nimesita kuandika yafuatayo, lakini Katibu, umeniuliza kuhusu mradi wa karanga ukiwa Nachingwea, siwezi kunyamaza. Mwaka 1946 Waingereza, wakiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walituma ujumbe ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa majuma tisa, ardhi nyingi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Wakarudi na mpango wa ekari 3,210,000 za karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, kwa miaka sita, kwa pauni kama milioni 25. Mwaka wa kwanza peke yake zilitakiwa ekari 150,000.

Ukiupima kwa maelezo niliyokupa hapo juu, ule ulikuwa mradi wenye kila kitu kwenye karatasi: una lengo la kuhesabika, una tarehe, una fedha, una wakubwa wa kuujibia. Walianzia Kongwa, huko Dodoma, kwa matrekta yaliyosalia vitani. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi. Mvua ikikata unakuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazing'oki, na changarawe zake zinakula majembe ya mashine. Mvua zenyewe haziaminiki. Wagogo, wenyeji wa huko, waliyajua hayo tangu enzi, lakini haikutengwa misimu hata miwili ya kulima shamba dogo na kutazama. Mwaka 1947 ukaisha zikiwa zimepandwa ekari zisizofika 10,000. Januari 1951 mpango ukaachwa, zimezama pauni kama milioni 36. Kwenu Nachingwea walifyeka pori na kujenga reli kutoka Mtwara kabla mzigo wa kuipakia haujaonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataruma yakang'olewa. Iliyobaki ni bandari waliyoijenga Mtwara, ambayo leo inasafirisha korosho, zao ambalo halikuwa hata kwenye mpango.

Nimewaeleza haya kwa sababu nyinyi mnacho walichokosa wale. Miaka minne ya kusagia kwa mashine ya kukodi ndiyo majaribio yenu. Mlisaga kilo ngapi kila msimu? Mlilipa kodi shilingi ngapi? Ngapi ziliharibika, ngapi zilirudishwa na wateja? Ukurasa huo ndio utangulie kwenye andiko, mbele ya hayo maneno ya kuinua ustawi. Na jina la mradi lifupisheni.

SWALI: Mama Saiti, mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata, mkoa tuuache. Tumeletewa fedha za madarasa mawili kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kuwasimamia mafundi yenyewe bila mkandarasi, na yanatakiwa yawe tayari kidato cha kwanza wakiripoti Januari. Nakuandikia ikiwa Septemba. Nilisomea Kiswahili na Historia, sijui hata kipimo cha mchanga. Nianzie wapi? Juu ya hayo, diwani anataka tuongeze ofisi ya walimu humohumo kwenye fedha hiyohiyo. (Mwalimu mwenye presha)

JIBU: Pole, Mwalimu, na hauko peke yako. Mwaka 2021, katika mpango wa serikali wa fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20, na walimu wengi wakajikuta wasimamizi wa ujenzi kwa miezi michache. Mimi sijawahi kukipenda kiwango kimoja kwa nchi nzima. Ni chepesi kwa mhasibu, kizito kwa mwalimu wa Ukerewe ambaye saruji yake inavuka ziwa. Lakini fedha ikishaingia kwenye akaunti, kulalamika hakunyanyui ukuta.

Usianze na kalenda. Anza na orodha. Kaa na fundi wako na mhandisi wa halmashauri, mlivunje darasa vipandevipande mpaka kila kipande kiwe na bei na kiwe kitu unachoweza kukiona kwa macho: kusafisha kiwanja, kupiga kamba, kuchimba msingi, kujenga msingi, kumwaga jamvi, kunyanyua kuta, linta, mkanda wa zege unaozifunga kuta juu, kupaua, kuezeka, lipu, sakafu, milango na madirisha, rangi, viti na meza. "Ujenzi wa darasa" kama mstari mmoja hausimamiki. Utakujulisha kwamba umechelewa siku ambayo huna tena la kufanya.

Halafu uliza kila kipande kinasubiri nini. Hapa ndipo Mwalimu wa Historia atampita fundi, maana ni kazi ya kupanga kipi kilitangulia kipi. Ukuta unasubiri msingi, paa linasubiri mkanda. Lakini madirisha ya chuma hayasubiri ukuta! Vipimo vya nafasi ya dirisha vinajulikana tangu kwenye ramani. Mpe fundi wa kuchomelea kazi hiyo juma lilelile unapochimba msingi. Viti na meza vivyo hivyo. Nimeona madarasa yamepakwa rangi, bati linang'aa, watoto wamekaa sakafuni kwa sababu seremala alipewa oda Desemba.

Kipo na kisichokubali kuharakishwa. Nguvu ya zege hupimwa siku ya 28, na siku saba za mwanzo angalau lazima limwagiliwe maji lisipasuke. Mlipe fundi mara mbili ukitaka, zege halisikii fedha. Matofali ya saruji mnayofyatua wenyewe nayo yana siku zake za kumwagiliwa kabla ya kujengewa, kwa hiyo ufyatuaji uanze hata kabla ya kamba kupigwa.

Ukivifuata vile vinavyosubiriana, kimoja nyuma ya kingine, kuanzia kamba mpaka rangi, utapata mnyororo mmoja mrefu kuliko mingine yote. Urefu wa mnyororo huo ndio urefu wa mradi wako, atake asitake mkurugenzi. Wazo hili lilipata hesabu zake mwaka 1957 kwa kampuni ya kemikali ya DuPont ya Marekani, ikishirikiana na watu wa kompyuta wa Remington Rand. Mwaka uliofuata jeshi la majini la nchi hiyo likatumia njia ya kufanana nayo kwa makombora ya Polaris. Wewe huhitaji kompyuta. Tafuta karatasi ya manila na rula. Kushoto andika kazi, juu andika majuma, na kila kazi ichoree mstari wa urefu wa majuma yake, kama alivyofanya mhandisi Henry Gantt zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kazi za mnyororo mrefu zipake rangi nyekundu. Madirisha yakichelewa siku tatu, endelea kunywa chai. Mkanda wa zege ukichelewa siku tatu, Januari imesogea siku tatu. Karatasi hiyo ibandike pale mafundi wanapolipwa, si ndani ya faili.

Asubuhi ukipita saiti usiulize "mnaendeleaje", kwani hajazaliwa fundi wa kujibu "vibaya". Uliza kipi kimekwisha tangu Jumatatu. Kilichokwisha nusu kihesabu hakijaisha.

Kama kwenu kuna mvua za vuli, mchanga na kokoto vifike kabla barabara haijaharibika. Saruji usiipokee yote kwa mkupuo kama huna stoo kavu. Zile kamati tatu za manunuzi, mapokezi na ujenzi zisiwe za majina tu: anayenunua asiwe anayepokea, na anayepokea ahesabu mifuko mwenyewe, asisaini karatasi ya dereva. Fedha ya kupaua na kuezeka itenge tangu siku ya kwanza na usiiguse. Maboma, yale majengo yasiyomalizika tunayoyaona nchi hii, hayakukosa msingi. Yaliishiwa kwenye paa.

Sasa diwani. Usimkatalie, Mwalimu, wala usimkubalie kwa mdomo. Kazi, muda na fedha vimefungwa pamoja. Ukivuta kimoja, vingine vinafuata. Omba mhandisi akadirie ofisi hiyo: shilingi ngapi, majuma mangapi. Ipeleke hesabu kwenye kikao na useme: "Mheshimiwa, ofisi tunaihitaji kweli. Ikiingia kwenye fedha hii, kuna kitu kitatoka. Je, tupunguze sakafu ya darasa la pili, au lipu, au tusogeze tarehe? Na halmashauri ituandikie kuruhusu, maana fedha hii imekuja na maelekezo yake." Kisha nyamaza, mwandishi wa kikao aandike jibu. Nilishakaa vikao vingi vya namna hiyo, na mara nyingi ofisi huhamia kwenye nguvu za wananchi na mwaka ujao. Isipohama, una muhtasari uliosainiwa, na mkaguzi akija hutahitaji maneno mengi ya kumwambia.

SWALI: Habari yako, Mama. Nina diploma, na niko kwenye stoo ya saiti moja hapa Mombasa. Wenzangu wasema bila PMP, kile cheti cha usimamizi wa miradi, sitapanda cheo kamwe. Ni kweli? (Karani wa stoo)

JIBU: Si kweli kwa leo. Cheti hicho kinatolewa na PMI, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1969, na wenyewe hawakupi ruhusa ya kufanya mtihani mpaka uwe na miaka kadhaa ya kuongoza miradi. Kuandika mifuko ya saruji hakuhesabiwi. Wana cheti kingine cha wanaoanza, CAPM, na Waingereza wana PRINCE2, iliyotokana na miradi ya serikali yao. Ukiwa na fedha ya kuchezea, soma. Kama ni fedha ya karo ya mdogo wako, ngoja.

Stoo yenyewe ni darasa. Wewe ndiye unayejua nini kiliagizwa kwa kuchelewa na nini kilirudishwa. Omba uingie kikao cha kila juma cha saiti, ujitolee kuandika kumbukumbu zake. Kazi hiyo hakuna anayeitaka, na ndiyo inayokupitisha mbele ya kila anayeamua.

SWALI: Salaam. Kijiji chetu, wilaya ya Handeni, kilikabidhiwa mradi wa maji, utepe ukakatwa, ngoma zikapigwa. Sasa pampu imekufa na tumerudi bwawani na ng'ombe. Mkandarasi anasema mradi ulifanikiwa na hati anayo. Sisi tunasema umekufa. Nani mkweli? (Mjumbe wa chombo cha maji)

JIBU: Nyote wawili, na ndiyo maana inaudhi.

Itazame TAZARA, Reli ya Uhuru. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kwa mkopo usio na riba kutoka China. Kazi ilianza 1970, ikapenya milima kati ya Mlimba na Makambako kwa mahandaki na madaraja, njia ikakamilika 1975 kabla ya muda uliopangwa, na Julai 1976 ikakabidhiwa. Kama mradi, mimi nauvulia kilemba. Halafu ikaja kazi ya kila siku: vichwa vya treni, vipuri, mafundi, maporomoko ya mvua, kumtafuta mwenye mzigo. Reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikuwahi kuzifikia. Na Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, njia za kusini zikafunguka zaidi kwa Zambia, sehemu ya mizigo ikaondoka. Waliojenga walimaliza kazi yao. Kuendesha ni kazi nyingine, inataka fedha nyingine na watu wengine, na hao hupangwa wakati mradi bado unachorwa.

Kwa hiyo mkandarasi ana hati ya mradi, nyinyi mna tatizo la uendeshaji. Lakini msimwachie haraka. Mikataba ya ujenzi huwa na kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja baada ya makabidhiano, ambamo ubovu unaotokana na kazi yake ni wake, na sehemu ya malipo yake huzuiliwa mpaka kipindi kiishe. Nendeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, ombeni kuona mkataba na hati ya makabidhiano. Ulizeni pia nani alifundishwa kuendesha pampu, na kitabu chake kiko wapi. Kama aliyefundishwa ni kijana aliyehamia Dar, mmepata nusu ya jibu.

Nusu nyingine iko kwenye bei ya ndoo. Je, mlipoipanga mliweka humo fedha ya pampu ijayo, au ya umeme na posho ya mlinzi tu? Pampu zote hufa. Swali ni kama kwenye akaunti ya chombo chenu kuna kitu siku inapokufa.

Hukuniandikia tarehe, Mjumbe. Nitumie mbili: ya hati, na ya siku pampu ilipokata. Kama umeupata ule ukurasa wa mkataba unaotaja matazamio, upige picha uuambatanishe. Toleo lijalo nitakwambia barua yenu ianzie kwa nani.